Mshindo wa Jumapili

Pale Makongeni, mahali lami inapokata tamaa na barabara ya vumbi ya kwenda Gatuanyaga inapoanza, kuna benchi lililotengenezwa kwa mlango wa kiwanda kilichofungwa zamani. Mlango uling'olewa, ukalazwa juu ya matofali, na mpaka leo tundu la kufuli liko palepale, mtu akikaa vibaya suruali inanasa. Wenyewe hupaita Mlangoni. Rachael huuza hapo kahawa ya tangawizi kutoka kwenye flaski mbili, na vikombe huvisuuza kwenye ndoo moja ambayo mtu mwenye akili haangalii ndani yake. Wateja wake ni walewale kila siku. Kuna Gerishon, aliyekuwa bawabu wa kiwanda hichohicho, aliyepewa jina la Kamusi kwa sababu ya methali zake zisizokaa mahali pake. Kuna Odhiambo wa kiwanda cha mafuta ya kupikia, anayeitwa Serikali kwa kuwa kila jambo chini ya jua yeye huliona lina mkono wa serikali. Kuna Ronny wa bodaboda, asiye na jina la utani kwa vile aliyakataa yote aliyopewa. Na kuna Githae, fundi wa dishi za televisheni, ambaye kuanzia hapo hadi Ruiru watu humjua kwa jina la Darubini. Hao ndio waliokuwa wameketi Jumanne ile alasiri, na habari ilikuwa moja tu.

Githae hakusomea nyota popote. Alizijua mbingu kwa kupanda juu ya mabati ya watu na kulielekeza dishi kwa setilaiti asiyoiona, kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka mama mwenye nyumba aseme kutoka ndani kwamba picha imekuja. Mtu anayeweza kupata kitu kisichoonekana, watu huamini anakijua na kila kingine kilicho huko juu. Basi wakaanza kumwuliza. Mbona mwezi unanifuata mimi? Mtu akiwa angani anaenda haja vipi? Jua likizimika, tutajua baada ya muda gani? Naye alisoma kwenye simu usiku mpaka macho yakamwasha, akajibu kila swali, na hakuna aliyemwuliza akaenda zake mikono mitupu. Mwishowe akafungua kundi la wozap aliloliita Maswali ya Anga. Humo alijibu kwa sauti, na sauti yake ilikuwa nzuri, nzito na ya polepole, kama ya mtangazaji wa vifo redioni. Kazi hiyo ilimpendeza. Tuseme kweli, ilimpendeza kupita kiasi.

Jumapili jioni, giza likianza kushika, kulikuwa na mshindo upande wa Gatuanyaga ambao ulitikisa mabati hadi Makongeni. Jioni hiyohiyo watu waliona mstari wa moto ukipita juu kuelekea mashariki, na vumbi likiwa limesimama juu ya machimbo ya mawe. Kabla hawajamaliza kupigiana simu, kundi la Maswali ya Anga lilikuwa limejaa swali moja. Darubini akalijibu, na tangu hapo sauti yake ilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga.

— Hebu weka tena, — alisema Kamusi.

Ronny akabonyeza simu yake, akaiinua juu ili wote wasikie.

— Wapendwa, — sauti ya Githae ikasema kutoka kwenye simu, — huo ni mzigo wa roketi. Vyombo hivi vikichoka huko juu hushuka vikiwaka moto. Kilichoanguka machimboni ni chuma, na ndani yake mna mafuta ya roketi, na mafuta hayo ni sumu. Mtu asikaribie. Ukivuta ile hewa mapafu yanaungua. Hata nguo zako zinaweza kuibeba hiyo sumu, ukaenda kuwapelekea watoto nyumbani. Kaeni mbali mpaka wataalamu waje.

— Ukaenda kuwapelekea watoto nyumbani, — Rachael alirudia, akitikisa kichwa. — Hapo ndipo mimi nilifunga madirisha yote.

Githae akanywa kahawa na kutazama barabara, kama mtu anayesifiwa asiyetaka kuonekana anasikiliza. Habari ya mafuta ya roketi alikuwa ameisoma, na ni kweli. Hayo ya nguo hakuyasoma popote. Yalimjia tu akiwa ameshika kitufe, na alipoyasikiliza baadaye akaona yamekaa vizuri.

— Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, — alisema Kamusi. — Huko juu kumenyamaza miaka mingi sana. Kulikuwa kunajitayarisha.

— Hiyo ni mitumba, mzee, — alisema Ronny. — Nguo zikiwachokea wazungu wanatutumia. Gari zikiwachokea wanatutumia. Sasa ni roketi. Tofauti ni moja tu, hii haipitii bandarini.

— Na kwa nini ianguke hapo? — Odhiambo akauliza. — Uliza hiyo kwanza. Kwa hayo machimbo kuna mtu anataka shamba. Watu wakihama juu ya sumu, mwaka ujao utaona geti na mabango ya ploti. Roketi hakuna. Ni serikali iliwasha kitu.

— Serikali imeshindwa kuwasha taa ya hapa barabarani, — alisema Rachael.

— Taa haina kitu ya kula.

— Lakini moto tuliuona sisi wote.

— Ndiyo hiyo nasema. Mwizi akitaka kuingia mlango wa nyuma, si anabisha wa mbele? Moto ilikuwa ya kuangalia. Kazi ilikuwa inafanywa chini.

Kamusi alisogea ili tundu la kufuli lisimnase, akainua kidole.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hivyo cha juu, mtu asimame wima. Sisi tumeinama miaka mingi, ndiyo maana kimetuangukia.

— Hiyo methali umeivunja mguu, guka, — Ronny akasema.

— Imevunjika lakini inatembea.

Wakacheka kidogo, kicheko kikaisha haraka. Hakuna aliyekuwa amepitia upande ule tangu Jumapili, na kila mmoja alijua hivyo. Odhiambo ndiye aliyekoroga tena.

— Mimi nawaambia kitu ingine. Na kama ni roketi kweli, haikuwa tupu. Hao watu wanakaa huko juu miezi. Mmoja akifa, mnafikiria wanamzika wapi?

— Wanamtupa, — alisema Kamusi. — Mfa maji haachi kutapatapa.

— Huyo amekufa, anatapatapa na nini? — Rachael akauliza.

— Ni sanduku, — Odhiambo akaendelea. — Hapo kwa machimbo kuna sanduku na mtu ndani, na bendera ya nchi yake. Ndiyo maana hakuna mkubwa amekuja. Wanaongea na wenyewe kwanza.

— Darubini, — alisema Ronny, — wacha tuulize mwenye kujua. Mtu akifia huko juu, anaoza?

Githae akaweka kikombe chini. Hilo alikuwa amelisoma, na alipenda swali linalokuta jibu limeshaiva.

— Akiwa ndani ya chombo, ataoza, maana kuna hewa. Akiwa nje, hapana. Hakuna hewa, hakuna wadudu, ni baridi tu na jua. Anakauka. Anabaki vile alivyokuwa.

— Peke yake? — Rachael akauliza.

— Peke yake.

— Na akiwa bado hajafa, apige nduru?

— Hakuna atakayesikia. Sauti inabebwa na hewa. Bila hewa, hata ukae karibu naye hivi, utaona mdomo tu.

Rachael alishika ukingo wa ndoo yake. — Kufa huku watu wako hapo na hawakusikii, — alisema. — Mungu atuepushe na kifo cha namna hiyo.

— Na wale wa redio waliokuita, mambo yalifika wapi? — Kamusi akauliza ili kubadilisha maneno.

— Alhamisi asubuhi, — alisema Githae. Alijaribu kulisema kama jambo la kawaida. — Wamesema watu watakuwa wakipiga simu kuuliza maswali, na mimi najibu.

— Umefika, — alisema Kamusi. — Na ulistahili. Wangapi wangekimbilia pale kuokota chuma wauze? Lakini watu wametii. Hakuna hata mmoja aliyeingia. Penye wazee haliharibiki neno.

Ronny hakupenda sifa zote ziende upande mmoja.

— Lakini mimi ndiye niliona kuliko nyinyi wote, — alisema. — Mimi nilikuwa huko. Nilikuwa nimebeba mathe mmoja tunashuka Ngoliba. Tukasikia kishindo, pikipiki ikayumba. Nikasimama. Kuangalia, ni vumbi inapanda hapo kwa machimbo, nyeupe, inapanda polepole. Nikatoa simu nirekodi vumbi. Nikiwa nimeshika hivi, moto ukapita juu yangu. Video iko hapa, buda. Inaanza na vumbi, inaisha na moto.

Githae alikuwa ameinua kikombe. Kikombe kikasimama njiani.

— Vumbi ilikuwa imeshapanda? — aliuliza.

— Si nakuambia? Moto ndio ulinipata nikirekodi vumbi.

— Leta.

Akaishika simu kwa mikono miwili. Vumbi jeupe lilikuwa limejaa juu ya machimbo, na mama aliyebebwa alisikika akiuliza ni nini hicho. Ronny naye alisikika akisema hajui, angoje kidogo. Ndipo mstari wa moto ukatokea pembeni mwa kioo, ukapita juu ya vumbi, ukaenda zake. Haukushuka hata kidogo. Githae akairudisha video mwanzo, akaitazama tena.

— Rachael, — alisema bila kuinua macho, — wewe ulikuwa wapi?

— Nyumbani, nasuuza vikombe. Vikagongana ndani ya ndoo vyenyewe. Nikatoka nje nimuulize jirani ni nini. Tukiwa hapo nje ndipo tukaona moto.

— Odhiambo?

— Nilikuwa nimelala, nilitoka shifti. Mshindo ikaniamsha, nikajua ni bomba ya kiwanda imepasuka. Nikaenda mpaka kwa geti. Hapo kwa geti ndiyo niliona.

Kamusi hakuulizwa, lakini alijibu kwamba naye pia alikuwa ametoka nje kuangalia kilicholia. Githae akamrudishia Ronny simu yake. Nusu ya mji iliuona moto ule kwa sababu mshindo ulikuwa umeshawatoa nje.

Na somo hilo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha, hapohapo Mlangoni, kabla ya mvua zilizopita. Mwanga huwahi, sauti hufuata. Tena aliwapa mfano ambao hata Kamusi aliuelewa: ukisimama ng'ambo ya machimbo ukamtazama mpasua mawe, nyundo unaiona ikipiga jiwe, lakini mlio wake unakufikia nyundo ikiwa imeshainuliwa tena. Kitu kinachowaka huko juu hupita kwanza kimya, watu wakakitazama mpaka kikapotea, ndipo ngurumo yake ifike, kama itafika. Siku ile Kamusi alijipiga kofi pajani kwa furaha. Haiwezekani ngurumo ikafika na vumbi likapanda kabla moto wenyewe haujapita.

Kwa hivyo ule moto ulikuwa na safari yake, na haukuangusha kitu chochote Gatuanyaga. Kilichoanguka machimboni kilikuwa cha machimboni. Ni ukuta wa mawe. Hakukuwa na chuma wala mafuta, na kama hakuna mafuta basi hakuna sumu.

Githae akatafuta mahali pa kushika, akapaona. Ilikuwa Jumapili.

— Jumapili si machimbo hufungwa? — aliuliza, na sauti akaifanya nyepesi.

— Hufungwa, — alisema Odhiambo. — Mashine zote kimya. Hata mlinzi anaenda kanisa.

Githae akapumua. Akamwomba Rachael kikombe kingine.

— Mashine ndiyo hufungwa, — alisema Ronny, akiipangusa simu yake kwa shati. — Lakini Jumapili ndiyo wasee wa hapo huachiwa waokote vipande. Yale mawe yamevunjika, hayauziki. Mwenye machimbo huwaambia, Jumapili jichukulieni, mjenge. Majiko mengi huko chini ni mawe ya Jumapili.

— Basi hiyo ni bahati, — alisema Odhiambo. — Kama kungekuwa na watu, tungesikia.

— Tungesikia, — alikubali Kamusi. — Lisemwalo lipo, na kama halisemwi halipo.

Githae alitoa simu. Akafungua Maswali ya Anga, akakuta shukrani zimejaa mpaka chini. Asante Darubini, umetuokoa. Mungu akuongezee hekima. Fundi, watoto wetu wako hai kwa ajili yako. Akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti, akasema neno moja, wapendwa, akalifuta. Akawaza namna ya kulisema. Angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Angeweza kusema kuna maoni mengine. Angeweza pia kungoja Alhamisi ipite. Akajiambia atamaliza kikombe kwanza, halafu atasema. Mwoga huwa hana haraka, kila mara hupata kikombe cha kumaliza. Basi akainywa ile kahawa kidogo kidogo mpaka ikapoa, na ilipopoa akaendelea kuinywa hivyohivyo, huku Odhiambo akieleza rangi za ile bendera.

Mwanamke akatokea upande wa barabara ya vumbi, kwa miguu. Alikuwa amejifunga leso juu ya sweta, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi hadi juu ya vifundo. Mkononi alishika simu, si kwa namna mtu anavyoshika simu atakayoipiga, bali kama aliyepewa kitu amwekee mwenyewe. Akasimama mbele ya benchi.

— Habari zenu.

— Nzuri, mama, — alisema Rachael. — Karibu kahawa.

— Asante. Naitwa Kalondu, nimetoka huko chini, kupita Gatuanyaga. Natafuta fundi wa dishi. Wanamuita Darubini.

— Dishi imekataa kushika? — aliuliza Odhiambo.

— Hapana. Niko na swali. Nimeambiwa yeye hujibu.

Benchi likachangamka. Mtu kutembea kutoka kupita Gatuanyaga kuleta swali Mlangoni, hilo halijawahi kutokea. Ronny akasogea, akampangusia mahali kwa kiganja.

— Kaa, mathe. Uliza tu. Hapa swali halirudi nyumbani na njaa.

Kalondu hakukaa.

— Hiyo sumu inaisha lini?

— Inategemea na roketi, — alianza Odhiambo. — Kuna zile kubwa—

— Kwani unataka kupitia huko? — Ronny akamkatiza.

— Bwana yangu yuko huko.

Rachael, aliyekuwa akimimina, aliendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika kikombe na kumwagika juu ya vidole vyake.

— Kaleli, — alisema Kalondu. — Anapasua mawe hapo. Jumapili alienda kuokota vipande. Tunajenga jiko, mawe yalikuwa yamebaki kidogo tu. Mshindo ukalia nikiwa nanyonyesha. Nikakimbia na mtoto mgongoni. Kufika, nikakuta wamefunga njia na kamba, wamesimama wanasikiliza simu. Ni sauti ilikuwa inasema kuna sumu. Nikasema mimi naingia hivyohivyo. Wakanishika. Wakaniuliza, na huyu mtoto? Wakaniwekea tena ile sauti, pale inasema juu ya nguo. Nikasikia. Nikabaki hapo kwa kamba.

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeyarudia kichwani njia nzima ili asisahau hata moja.

— Nikimpigia, simu yake naisikia. Inalia huko chini ya mawe. Wakasema pengine aliiangusha akikimbia sumu, pengine ametokea ng'ambo, yuko hospitali fulani. Jana nilishinda hapo, napiga. Si ati ashike. Nilikuwa tu nataka kuisikia ikilia. Jana jioni ikanyamaza. Leo ni mteja hapatikani. Nikaacha mtoto kwa mama yangu, nikasema wacha nitafute mwenye ile sauti. Yeye ndiye anajua. Sumu inaisha lini, ndio niingie?

Odhiambo aliinamisha kichwa. Kamusi alikuwa ameshika goti lake kwa mikono yote miwili. Polepole, mmoja mmoja, wakamgeukia mtu aliyeketi karibu na tundu la kufuli.

— Ni wewe? — Kalondu akamwuliza.

— Ni mimi, — alisema Githae.

— Eee. Sauti nimeijua.

Githae akasimama, maana hakuweza kulijibu swali hilo akiwa ameketi.

— Hakuna sumu, mama.

— Imeisha?

Hapo njia ikamfungukia, pana na laini. Imeisha. Neno moja tu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mama huyu angeshukuru, angekimbia kwenda zake, watu wa kamba wangeifungua kamba. Alhamisi yeye angeketi mbele ya kipaza sauti na kueleza jinsi mafuta ya roketi yanavyopotea hewani baada ya muda, na yote yangekaa vizuri. Ndimi za Mlangoni zingemfunika. Alilitazama neno hilo, na alilitaka. Tusimpake mafuta: alilitaka sana.

— Haikuwako, — alisema. — Haikuwako hata Jumapili. Ule moto ulipita tu. Kilichoanguka ni ukuta wa machimbo. Mimi nilikosea.

Kalondu alimtazama mdomoni, kama mtu asiyesikia vizuri. Hakulia, wala hakumrukia, ingawa Githae alikuwa akingoja mojawapo na angelipokea kwa shukrani. Aliitazama simu iliyo mkononi mwake. Kisha akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia habari zao.

— Kwa hivyo jana, ikiwa bado inalia, ningeingia?

Kamusi alifungua mdomo. Kulikuwa na methali za subira, na za ajali zisizo na kinga, na za mwenye kovu, na mzee huyo alizijua zote, japo upande upande. Akaufunga mdomo. Ronny alikuwa akiitazama simu yake, ile aliyoirekodia vumbi likipanda mbele ya macho yake, kabla ya kupanda tena pikipiki Jumapili ile na kumpeleka abiria wake Ngoliba.

Odhiambo ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akavuka barabara hadi kwa fundi wa magari, akarudi na mtaimbo begani na sururu mkononi, na nyuma yake wakaja vijana wawili bila kuuliza kitu. Ronny akawasha pikipiki. Githae akabonyeza kitufe cha sauti, na safari hii hakusema wapendwa.

— Ni Githae. Hakuna sumu machimboni, nilikosea. Kuna mtu amefunikwa na mawe. Njooni na mitaimbo na majembe. Njooni sasa.

Sauti ilimtoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. Jibu la kwanza likaingia kabla hajairudisha simu mfukoni. Fundi, mtu aliuliza, una hakika?

Rachael alichukua flaski iliyojaa, akaifungua, akaimwaga kahawa yote kwenye vumbi. Ikaenda zake ikitoa mvuke. Akaisuuza kwa maji safi ya mtungi, akaijaza maji, akaifunga kwa nguvu, akampa Kalondu aliyekuwa ameshapanda nyuma ya Ronny.

— Atakuwa na kiu, — alisema.

Kalondu akaipokea kwa mikono miwili, akaipakata. Githae alipokaribia apande nyuma yake, Kalondu akamgeukia. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa bado anangoja jibu, kama jana angeingia.